Banio Linalokubali Kuvunjika: Maji, Maafa na Ukarabati katika Milima ya Suji

Tarehe 1 Machi 2006 bonde la Makanya, wilayani Same, Upare Kusini, lilipata mvua ambayo watafiti wa maji waliokuwa wakifanya kazi huko waliichambua kwa miaka kadhaa baadaye. Katika kituo kimoja kipimo kilivuka milimita 100 ndani ya saa 3, muda wa kuivisha sufuria ya makande. Bonde lote lina ukubwa wa kilomita za mraba 300 hivi, na nyanda zake za chini huambulia milimita 500 au 600 kwa mwaka mzima. Saa chache tu za siku ile zilimwaga maji ya miezi.

Msafiri anayeipita Same kwa basi la Arusha au Moshi anaweza asiamini. Anachokiona dirishani ni miiba, mibuyu, mkonge na vumbi. Hii ni wilaya ambayo maji ya bomba yalikuwa ahadi ya miaka mingi, hadi mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu, ulipozinduliwa Machi 2025. Lakini Upare una shida mbili za maji, na zote ni za kweli: kuyakosa kwa miezi, kisha kuyapata yote kwa mkupuo.

Suji imekaa mahali ambapo shida hizo mbili hukutana. Ipo mlimani, juu ya Makanya, katika upande wa magharibi wa Upare Kusini. Juu zaidi upo msitu wa Chome, hifadhi ya zaidi ya hekta 14,000, na kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,462, kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare. Chini ipo tambarare, reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911, na barabara kuu. Chochote kinachoanguka kutoka mawinguni kule juu hushuka kupitia mashamba, njia, viwanja vya shule na nyua za watu. Katika mteremko wa namna hii hakuna nyumba inayoweza kusema maji ya jirani hayaihusu.

Wapare walilijua hilo kabla ya mtu yeyote kuja na ramani. Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenyewe mzaliwa wa Upare, alichapisha mwaka 1969 historia ya siasa za Wapare kuanzia karne ya 16 hadi ya 19. Jamii anazozieleza ziliishi kwa kilimo cha mlimani, na kilimo hicho kilitegemea mifongo, yaani mifereji inayochepusha maji ya mto na kuyatembeza kando ya mlima, pamoja na ndiva, mabwawa madogo ya kuyalaza maji hayo usiku. Wachaga wa Kilimanjaro wana mifongo yao, na Wamarakwet wa Kenya mifereji yao kwenye kingo za Bonde la Ufa. Upare unajulikana zaidi kwa ndiva zake.

Inafaa kuitazama ndiva kwa karibu. Ni shimo pana lililochimbwa pale mlima unapolegeza mteremko wake, na upande wa chini umekingwa kwa tuta la udongo ulioshindiliwa na mawe. Kwenye kitako cha tuta hilo kuna tundu, nalo huzibwa kwa gogo au mti mrefu uliochongwa, na nafasi zinazobaki huzibwa kwa udongo na majani. Jioni mfongo unaelekezwa ndani na maji yanaingia taratibu usiku kucha. Alfajiri mwenye zamu huchomoa kizibo, na maji hutoka kwa nguvu ya kutosha kufika shamba la mbali badala ya kunywewa na udongo wa njiani. Hesabu yake ni rahisi, nayo ni ya akili nyingi: kijito kidogo mno kwa umwagiliaji wa mchana kinageuzwa kuwa mkondo wa saa chache wenye nguvu.

Kabla ya ndiva kuna banio, pale mtoni maji yanapochepushwa, na hapa ndipo historia ya maafa ya maji katika milima hii inapopata maana. Banio la asili lilijengwa kwa mawe, magogo, matawi, migomba na tope. Kila mafuriko yalipokuja, lilisombwa. Wataalamu wengi wa umwagiliaji waliolitazama waliona udhaifu, wakaandika kwamba linapaswa kubadilishwa kwa zege. Hawakuona kwamba kuvunjika kulikuwa sehemu ya kazi yake. Banio la matawi likisombwa, mfongo unakatiwa maji papo hapo, na mafuriko yanaendelea na njia yake mtoni. Likisimama imara, mafuriko yanaingia mfongoni, na mfongo wa udongo unaopita kando ya mlima hauwezi kuyabeba. Unapasuka mahali fulani juu ya shamba au nyumba ya mtu, na kwa usiku mmoja panachimbika korongo ambalo halitazibika kwa kizazi kizima.

Banio la namna hii linawezekana mahali penye watu wa kulirudisha tu, na Upare ulikuwa nao. Msaragambo, kazi ya wote kwa ajili ya wote, ndio uliokuwa idara ya dharura ya milima hii. Mbiu ikilia, kila kaya yenye haki ya maji inatoa mtu na jembe. Asiyefika anatozwa faini, zamani ya vitu, siku hizi ya fedha, na anayekaidi anarukwa katika zamu ya maji. Ndiva nyingi zilianzishwa na koo, na wazee wa koo hizo ndio walioshika uongozi, matambiko na hukumu. Baadaye zilikuja kamati zenye mwenyekiti na katibu. Majina yalibadilika, ila amri ilibaki ile ile: bila kazi ya pamoja, hakuna maji. Kuondoa tope ndani ya ndiva, kuziba nyufa za tuta, kufyeka kingo za mfongo, kurudisha banio baada ya mafuriko, yote yalikuwa na msimu wake na watu wake. Kinga kubwa ya kijiji cha mlimani, basi, kuliko ukuta wowote, ilikuwa uhakika kwamba kesho asubuhi watu watakuja. Hilo ndilo lililosahauliwa zaidi katika miaka mia iliyopita.

Mabadiliko ya majengo nayo yaliongeza madhara ya maji. Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo historia yake Tanzania ilianzia Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, lilieneza vituo vyake milimani, na Suji ikawa mojawapo ya vituo vyake vya zamani. Mmisionari Mjerumani Ernst Kotz alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909, na lugha ya Wapare ikaingia vitabuni mapema. Pamoja na vitabu zikaja shule, na pamoja na shule namna mpya ya kujenga: nyumba za pembe nne, tofali, na hatimaye bati.

Nyumba ya nyasi huyanyonya maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo. Bati huyamwaga yote, na kwa mstari mmoja, chini ya ukingo wa paa. Pasipo mfereji wa bati wala msingi wa mawe, mstari huo unachimba mtaro unaokumbatia ukuta. Katika mteremko hali ni mbaya zaidi, maana kiwanja kimekatwa ndani ya mlima na nyuma ya nyumba kuna gema la udongo. Maji ya paa yanaungana na yanayovuja kutoka gema, na ukuta wa nyuma, usioonekana kutoka barabarani, unakaa ndani ya unyevu kwa msimu mzima.

Tofali bichi halivumilii hayo. Maji hulipanda kutoka chini, udongo hulegea, na siku moja kipande cha ukuta hukaa chini kama mtu aliyechoka. Wenye uwezo hupiga lipu ya saruji wakidhani wameziba tatizo. Saruji juu ya udongo wenye maji huufungia unyevu ndani. Kwa nje ukuta unang'aa, kwa ndani unageuka tope, na lipu ikianza kulia ukiigonga, tayari imeachana na ukuta. Fundi mzoefu wa milimani hufanya kinyume: huchimba kwanza mtaro nyuma ya nyumba, huupeleka mbali na msingi wa jirani wa chini, huacha ukuta ukauke wiki nyingi za kiangazi, ndipo hugusa lipu. Na kabla ya yote hayo, usiku wa mafuriko wenyewe, kinachookolewa ni watu, mifugo, kisha mahindi ya mbegu. Nyumba itajengwa tena. Msimu uliopotea haurudi hadi mwaka unaofuata.

Kisha kikaja kipindi cha zege. Kuanzia miaka ya 1980, mashirika ya maendeleo, wafadhili na Serikali waliingia Same na Mwanga kukarabati mifongo na ndiva. Nia ilikuwa njema na mengi yalifaa. Ndiva iliyosakafiwa haivuji, na mwanamke aliyekuwa akipoteza nusu ya maji yake njiani aliona tofauti. Lakini zege lilihamisha ukarabati kutoka mikononi mwa wenye majembe kwenda kwa wenye bajeti. Banio la matawi likisombwa Jumatatu, Alhamisi maji yanaweza kuwa yamerudi. Banio la zege likipasuka, au mto ukiamua kuhama na kuliacha kavu, linahitaji mhandisi, saruji, nondo na gari la kuzipandisha mlimani kwenye barabara ile ile iliyokatwa na mvua ile ile. Watu wanasubiri. Wakati wa kusubiri, zoea la kukusanyika linafifia, na likififia, hata kazi ndogo zinazowezekana bila saruji hazifanyiki.

Hapa kuna jambo la haki pia. Maji na tope vinavyoshuka kutoka Suji na vijiji vya jirani si hasara kwa kila mtu. Wakulima wa Makanya, chini tambarare, hulima mahindi na maharage kwa kukinga mafuriko hayo na kuyatandaza mashambani. Kwao mvua kubwa ya mlimani ni mwaka mzuri. Anayepanga ukarabati wa juu bila kuwaita wa chini anatengeneza ugomvi, na wazee wa ndiva walilijua hilo. Ndiyo maana ndani ya bonde hili yalikuwepo makubaliano kati ya vijiji vya juu na vya chini juu ya nani atumie maji ya mto na saa ngapi.

Kuna maafa ambayo msaragambo hauyawezi. Novemba 2009, katika mvua za vuli, mlima uliporomoka usiku huko Goha, Mamba Miamba, upande wa pili wa Upare Kusini, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Mlima ukishashiba maji na kuachia, jembe linabaki la kutafuta miili. Ajali ile ilipaswa kuwafundisha viongozi wa wilaya kutazama vitongoji vyote vilivyojengwa chini ya miteremko mikali, na kuuliza miti imekatwa wapi, mitaro ya mashamba inamwaga wapi, na familia zipi zinapaswa kuhamishwa kabla ya msimu. Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilipoingia Katesh na kuua watu wengi zaidi, swali lilikuwa lile lile.

Sheria ipo. Sheria ya Menejimenti ya Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Katika vijiji vya Upare kamati hiyo haihitaji kubuniwa upya: kamati ya mfongo tayari inajua kila gema, kila kaya, na maji yanapita wapi yakichukia. Kuunda nyingine pembeni, yenye wajumbe wengine na muhuri mwingine, ni kupoteza ujuzi uliokusanywa kwa karne nyingi.

Dunia nayo imeanza kuona thamani ya ujuzi wa namna hii. Desemba 2023 UNESCO iliingiza umwagiliaji wa jadi wa nchi saba za Ulaya, zikiwemo Uswisi na Austria, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kilichoenziwa huko ni mifereji, pamoja na utaratibu wa watu kukutana, kusafisha, kugawana na kukarabati. Ndiva za Upare hazikuwemo katika maombi yale, kwa kuwa yalikuwa ya Ulaya. Lakini hakuna sababu Tanzania isiandike maombi yake, na wazee wanaokumbuka kanuni za zamani wanapungua kila mwaka.

Vuli huanza Oktoba. Halmashauri ya Wilaya ya Same inaweza kufanya mambo mawili kabla ya hapo, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili: kutenga fungu dogo la saruji, mawe na nyavu za waya likae kwenye kata za mlimani, chini ya kamati za mifongo, ili msaragambo ukiitwa uwe na cha kufanyia kazi, na kuwatuma walimu na wanafunzi wa sekondari za Suji na jirani wakaziandike kanuni za ndiva moja moja, majina, zamu, faini na mipaka, kutoka vinywani mwa wanaozijua. Wenye nyumba milimani wana lao pia: wachimbe mtaro wa nyuma ya nyumba sasa, udongo ungali mkavu.