Nyaya Zilizosogea

Metali ngumu tunaiona imetulia tuli. Kumbe ndani yake atomi zinahama, na ukiitia moto zinahama kwa kasi zaidi. Mwaka 1896, huko London, William Roberts-Austen alionyesha kwamba dhahabu hupenya ndani ya risasi hata kama risasi haijayeyuka. Wataalamu wanaita mwendo huo difusheni.

Sawa, zinahama. Lakini zinahamaje? Wakubwa wengi wa fani waliamini kwamba atomi mbili jirani hubadilishana nafasi, kama wanafunzi wawili darasani: wewe njoo kwenye kiti changu, mimi nije chako.

Aliyeivuruga imani hiyo ni Ernest Kirkendall, mwalimu wa chuo kikuu cha Wayne, Detroit. Yeye na mwenzake Smigelskas walichukua kipande cha shaba ya njano, yaani ile iliyochanganywa na zinki, kama vile vichwa vya misumari kwenye milango ya Mji Mkongwe, Unguja. Wakalaza nyaya nyembamba za molibdeni juu yake na chini yake, halafu wakakifunika chote kwa shaba nyekundu. Molibdeni haichanganyiki na shaba hizo, kwa hiyo nyaya zilikuwa alama za mpaka. Kisha tanuru: nyuzi 785 za Selsiasi, hadi siku 56.

Sasa fikiria. Kama ni kubadilishana viti, mpaka ungebaki palepale. Lakini nyaya za juu na za chini zilikaribiana! Maana yake zinki ilikuwa inatoka haraka kuliko shaba ilivyokuwa inaingia, na mtindo wa nipe nikupe hauruhusu hilo. Atomi hurukia kiti kitupu kilicho jirani, na zinki huruka mara nyingi zaidi. Ikishahama, nyuma yake zinabaki nafasi tupu; zikikusanyika, zinakuwa matundu.

Robert Mehl wa Pittsburgh, bingwa aliyeogopwa katika fani hiyo, hakukubali. Makala ilikwama kwake kwa miezi, na ilipotoka mwaka 1947 bado aliipinga. Mimi simlaumu kwa kutilia shaka, hiyo ndiyo kazi ya mwanasayansi; kuizuia makala ni jambo lingine. Baadaye yeye na mwanafunzi wake Correa da Silva walifanya majaribio yao wenyewe, wakachapisha mwaka 1951: nyaya husogea kweli. Wakati huo Kirkendall alikuwa ameshaacha maabara, yuko kwenye kazi ya uongozi katika chama cha wahandisi wa madini.

Matundu yale hayakubaki kwenye vitabu. Vifaa vya elektroniki vilipoanza kuunganishwa kwa nyuzi za dhahabu juu ya alumini, viungo viligeuka rangi ya zambarau, vikatoboka ndani, vikakatika. Ndiyo maana leo, kwenye viunganishi vingi vilivyopakwa dhahabu, chini ya dhahabu kuna tabaka jembamba la nikeli. Kazi yake ni kuizuia shaba isipenye kupanda juu.