Tita, Tiki na Tani: Historia ya Hesabu Zilizopangwa Kabla katika Mashamba ya Mkonge ya Mwatate

Kiolezo cha ukokotozi ni hesabu iliyoandikwa mara moja kwa nia ya kutumiwa mara nyingi: hatua zake zimepangwa, nafasi za tarakimu zinazobadilika zimeachwa wazi, na tarakimu zisizotarajiwa kubadilika zimekwisha kuingizwa na yule aliyekiandaa. Tarakimu za kundi la kwanza huitwa vigeu, kwa kuwa hutofautiana siku kwa siku, na za kundi la pili ni thamani thabiti, ambazo mtumiaji huzikuta mahali pake na kwa kawaida hana haja ya kuziuliza. Wahandisi wa viwanda vya leo huunda violezo vya namna hii ndani ya programu za uchanganuzi wa data, lakini kazi yenyewe imezitangulia programu hizo kwa miaka mingi, na katika Afrika ya Mashariki ni vigumu kupata mahali ilipofanywa kwa ukali zaidi kuliko katika mashamba ya mkonge, yakiwemo yale ya nyanda kavu zilizo chini ya milima ya Taita.

Mwatate iko magharibi ya Voi, kwenye njia inayokwenda Bura, Maktau na Taveta. Reli ya Uganda ilifika Voi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia mwaka 1915, jeshi la Uingereza lilitandaza reli ya tawi kutoka Voi kupitia Mwatate ili kuwafikia Wajerumani waliokuwa upande wa Kilimanjaro. Vita vilipokwisha reli ilibaki, na tambarare ambayo mvua yake haitoshi mahindi ya kutegemewa ikawa na njia ya kusafirisha mzigo mzito hadi bandari ya Kilindini. Mkonge, mmea wenye asili ya Mexico ambao Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893 na ambao ulivuka kuingia Kenya mwanzoni mwa karne ya ishirini, ulifaa sana kwa ardhi ya aina hiyo. Shamba la Teita, lililoko Mwatate, limekuwa miongoni mwa mashamba makubwa zaidi ya mkonge duniani, na upande wa Taveta Ewart Grogan alianzisha mashamba yake ya Ziwani na Jipe. Upana wa ardhi iliyochukuliwa na wenye mashamba ulizua malalamiko ambayo Chama cha Milima ya Taita, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1930, kiliyabeba mpaka serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku mwaka 1940. Mabishano juu ya mipaka na upimaji wa mashamba hayo hayajaisha hadi leo, ingawa makala haya yanahusu upimaji wa aina nyingine.

Mkonge haukadiriwi kwa macho kama yanavyokadiriwa mahindi shambani. Katani, yaani nyuzi zinazouzwa, ni asilimia tatu hadi nne tu ya uzito wa jani bichi, na sehemu yote iliyobaki ni maji na makapi. Jani likikatwa linapaswa kufikishwa kwenye mashine ya kusindika, inayojulikana kwa wengi kama korona kutokana na jina la mashine za kampuni ya Krupp, kabla ya siku moja au mbili kupita, kwa sababu likikauka utomvu wake hugandamana na nyuzi, na katani inayotoka huwa chafu na ya daraja la chini. Kwa hiyo meneja hakuweza kukata majani mengi leo ili ayasindike juma lijalo, wala kuiacha korona ikizunguka bila majani huku injini ikila mafuta. Kila jioni ilimlazimu kujua kesho wakataji wangapi waingie shambani, na jibu hilo lilitoka katika hesabu ambayo umbo lake halikubadilika.

Hesabu hiyo ilianzia kwenye tita. Katika mashamba ya Afrika ya Mashariki desturi ilikuwa kufunga majani 30 kwa kila tita, na kazi ya mkataji, iliyoitwa kipande, ilipangwa kwa idadi ya matita anayopaswa kuyatoa kwa siku. Ikichukuliwa kwamba jani moja lina uzito wa gramu 600, tita lina kilo 18, na kwa asilimia nne linatoa gramu 720 za katani, hivyo tani moja ya katani inahitaji matita 1,389. Kiwanda kinachotaka tani 10 kwa siku, na ambacho wakataji wake hutoa matita 70 kila mmoja, kitahitaji watu wapatao 200. Lakini asilimia hiyo ikishuka hadi tatu, kama itokeavyo majani yanapokuwa machanga, tani moja inahitaji matita 1,852 na wakataji wanaotakiwa ni 265. Hakuna kilichobadilika katika umbo la hesabu; imebadilika tarakimu moja tu, nayo ni ile ambayo karani wa ofisini huikuta imekwisha kuandikwa juu ya ukurasa. Shamba lililotumia asilimia ya mwaka uliopita bila kupima upya halikugundua kosa lake kwenye daftari, ambamo kila jumla ilikuwa sahihi, bali kwenye marobota ya kilo 250 yaliyokosekana siku ya kupakia behewa.

Hesabu ya pili ilikuwa ya watu, na hii ndiyo iliyoacha alama ya kina zaidi katika kumbukumbu za wafanyakazi. Daftari la mahudhurio lilikuwa na majina upande wa kushoto, safu moja kwa kila siku ya mwezi, na upande wa kulia safu za jumla, za posho, za makato na za baki. Mfanyakazi naye alikuwa na kadi yake, iliyozoeleka kuitwa tikiti, yenye nafasi 30 za kutiwa alama, na malipo yalitolewa nafasi zote zilipojaa. Siku hizo 30 zilikuwa siku za kazi iliyokubaliwa, si siku za kalenda, kiasi kwamba mwezi wa mshahara ungeweza kuvuka mwezi wa mwaka kwa majuma kadhaa. Karibu yote yaliyobaki katika daftari yalifuata kutoka hapo: posho ya unga wa mahindi, iliyokuwa kwa kawaida ratili 2 kwa siku, ilizidishwa kwa idadi ya alama, mkopo wa dukani ulikatwa mwishoni, na karani aliyeujua ukurasa mmoja alizijua kurasa zote, hata za shamba la jirani, kwa kuwa mpangilio ulifanana kutoka Voi hadi Taveta.

Alama hiyo haikuwa na nusu. Nyapara alipita kwenye mistari ya mkonge akachagua matita machache, akayafungua na kuhesabu majani, na tita lililopatikana na majani 27 liliweza kuyatilia shaka matita yote ya mkataji huyo. Aliyetoa matita 60 pale palipotakiwa 70 aliweza kurudi nyumbani bila tiki, yaani bila alama ya siku, ingawa majani yake yalibebwa na troli, yakapita kwenye korona na kuhesabiwa katika katani ya siku. Kwa lugha ya wachanganuzi wa leo, hesabu ya kiwanda ilipokea kigeu kinachoweza kuwa tarakimu yoyote, na hesabu ya mshahara ilipokea kigeu chenye thamani mbili tu, moja au sifuri, hali chanzo cha data kilikuwa kimoja. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ilikuwa kazi isiyolipwa. Lilikuwa lalamiko la kawaida katika mashamba ya walowezi kote nchini kwamba tikiti haikutiwa alama, na ni vigumu kuliita ajali ya uandishi, maana ukurasa wenye nafasi ya sehemu ya siku ungechorwa kwa urahisi uleule.

Kipande cha utambulisho, kilichotokana na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa kikamilifu baada ya vita, kilizidisha nguvu ya ukurasa huo, kwa sababu kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi zenye jina la mwajiri, tarehe na mshahara wake ndani ya kikebe cha chuma. Mshahara ulioandikwa na mwajiri mmoja ulisomwa na mwajiri wa pili kabla mtu hajafungua kinywa kutaja bei yake. Mfumo huo uliobagua kwa rangi uliendelea hadi mwaka 1947, ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Udhaifu wa thamani thabiti haujawahi kujidhihirisha wazi zaidi kuliko katika miaka ya 1920 na 1921, wakati sarafu ilipobadilika. Rupia, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa sawa na shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza, iliwekwa kuwa sawa na shilingi 2, kisha ikafuatwa na florini na baadaye na shilingi ya Afrika ya Mashariki. Mfanyakazi aliyekuwa akipata, kwa mfano, rupia 6 kwa tikiti alipewa sasa shilingi 12, na kwa macho yake hakuna kilichoongezeka, kwa kuwa bei za dukani ziligeuzwa kwa kipimo hichohicho. Mwajiri aliyeuza mazao yake London kwa pauni aliiona hesabu hiyo kwa namna nyingine: rupia 6 za zamani zilimgharimu shilingi 8 za Kiingereza, na rupia 6 mpya zikamgharimu 12. Mwaka 1921 walowezi walipitisha azimio la kupunguza mishahara kwa theluthi moja, na ndipo 12 zingerudi kuwa 8. Upinzani dhidi ya punguzo hilo ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyompandisha hadhi kiongozi wa siasa Harry Thuku mjini Nairobi. Kila upande ulikuwa sahihi ndani ya kiolezo chake, na hakika ugomvi ulikuwa juu ya nani abebe mabadiliko ya tarakimu ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyeipanga.

Upande wa kilimo, utaratibu wa kupima upya thamani thabiti ulipata makao mwaka 1934, kilipoanzishwa kituo cha utafiti cha Mlingano karibu na Tanga, nchini Tanganyika. Kazi ya kituo hicho, ambayo G. W. Lock aliikusanya katika kitabu chake juu ya mkonge kilichotoka mwaka 1962, iliyapa mashamba ya ukanda mzima viwango ambavyo mtu angeweza kuviweka katika hesabu bila kubahatisha. Mfano ni nafasi ya kupandia: mistari miwili iliyoachana mita 1, kisha uwazi wa mita 4, na mimea iliyoachana sentimita 80 ndani ya mstari, mpangilio unaoupa kila mche mita 2 za mraba na hivyo miche 5,000 kwa hekta. Aliyejua idadi hiyo, na kujua kwamba mkonge wa kawaida hutoa majani kati ya 200 na 250 kabla ya kuchomoza mlingoti na kufa, aliweza kukadiria uhai mzima wa shamba siku ya kupanda. Halafu ikaja chotara namba 11648, inayoweza kutoa majani zaidi ya 600, na makadirio yaliyoandikwa kwa mmea wa zamani yakawa hayafai kwa mpya. Shamba lenye aina zote mbili lilihitaji ama kurasa mbili, ama ukurasa mmoja wenye nafasi ya kuandika aina ya mmea. Njia ya pili ndiyo ambayo waundaji wa violezo vya leo huipendelea.

Vipimo navyo vilikuja kubadilika. Tani ya Kiingereza ilikuwa ratili 2,240, yaani kilo 1,016, na Kenya ilipohamia vipimo vya mita kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, neno tani halikubadilika ilhali kilo 16 zilitoweka ndani yake. Ni kosa dogo kwa robota moja na kubwa kwa meli nzima.

Kufikia wakati huo bei ya katani ilikuwa imeanza kuporomoka, kwa kuwa kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni, na mashamba mengi yaliyonawiri kwa bei za juu za wakati wa vita vya Korea yalifungwa au kugeukia mazao mengine. Shamba lililobaki hai lilipaswa kujua gharama ya kila kilo. Wakati huohuo idadi ya matita haikuwa tena amri ya meneja peke yake: Chama cha Wafanyakazi wa Mashamba na Kilimo cha Kenya kiliundwa mwaka 1963, na mikataba ya pamoja kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri ikayafanya mambo kama kiwango cha kazi na malipo yake kuwa ya kujadiliwa mezani na kutiwa sahihi. Kwa historia ya violezo jambo hili lina uzito kuliko mashine yoyote ya kuhesabia, kwa sababu kwa mara ya kwanza thamani thabiti ilipata wenyewe wawili.

Kompyuta zilichukua umbo la daftari karibu kama lilivyokuwa. VisiCalc ya mwaka 1979, Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 na Excel ya mwaka 1985 zote ni lahajedwali, yaani kurasa za safu na mistari ambamo kanuni ikiandikwa katika kisanduku kimoja huweza kunakiliwa katika vingine. Unakili huo ndio uliokuwa neema na balaa, kwa maana nakala ikishatoka haina tena uhusiano na asili yake: asilimia ya katani ikirekebishwa katika faili la ofisi kuu, faili la kiwandani hubaki na ile ya zamani. Programu za data za viwandani, ambazo PI System iliyoundwa na OSIsoft, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1980, ni mfano wake mashuhuri, zilitatua jambo hilo kwa kuhifadhi kiolezo mahali pamoja na kukiunganisha na mitambo yote inayokitumia. Kanuni ya ufanisi wa pampu huandikwa mara moja, pampu mia moja zikaikopa, na mwenye idhini akiihariri zote mia hufuata.

Panapobaki ugumu ni wakati. Kiolezo kikirekebishwa leo, matokeo yaliyokwisha kuhifadhiwa jana yalitokana na kanuni ya zamani, na kwa kawaida hubaki yalivyo mpaka mtu aagize yapigwe upya. Kwa hiyo kiwanda kinachotunza violezo vyake vizuri huandika tarehe ya kila badiliko, jina la aliyelifanya, sababu yake, na kama hesabu za nyuma zimerudiwa au zimeachwa. Daftari la shamba la mkonge lilikuwa na nafasi ya jina la mkataji, siku zake na deni lake la dukani; jina la aliyeamua kwamba kazi ya siku ni matita 70 halikuwekewa safu.