Tanga Kabla Haijawa Ng'ambo

Kwetu Vanga, upande wa Kenya wa mpaka na Tanzania, aliyekuwa na harusi nyumbani hakuiwaza Mombasa kwanza. Mombasa ni mbali, na ukishafika Likoni kuna foleni ya feri. Tanga ni karibu zaidi, na njia nzima imejaa ndugu. Nikiwaambia vijana kwamba mama yangu alikuwa akienda sokoni katika nchi nyingine, wao hudhani alikuwa mfanyabiashara mkubwa. Alikuwa msusi wa mikeka.

Mazoea hayo ni ya zamani kuliko nchi zenyewe. Mwingereza Richard Burton alipofika Tanga mwaka 1857, aliandika habari za gulio la Amboni, nje kidogo ya mji, lililofanyika kila siku ya tano, watu wa pwani wakikutana na watu wa bara. Huku kwetu nako chete, yaani gulio letu, ilifuata juma letu la jadi la siku 4. Vanga na Tanga zote zilikuwa milango ya misafara iliyokwenda Kilimanjaro na Umasaini kutafuta pembe za ndovu. Kilichoangaliwa ni mzigo aliobeba mtu.

Kisha mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikagawana nchi, na mstari wao ukaanzia mlangoni petu kabisa, mdomoni mwa Mto Umba, ukaelekea Ziwa Viktoria. Wadigo, Wasegeju na Wavumba wakawa wa huku na wa kule. Mwaka 1896 Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyekuwa akipigana na Waingereza, aliuvuka mstari huo akajisalimisha kwa Wajerumani. Januari 1915 wakubwa wenyewe wakauana pale Jasini, mahali ambapo mtu wa Vanga huenda kwa miguu akarudi.

Soko la Tanga lilizidi kunenepa. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911, na mashamba ya mkonge yakaleta vibarua kutoka kila upande. Vibarua lazima wale, wavae. Mtaa wa Ngamiani ukapanuka na barabara zake za namba, ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Mgeni akipotea huko, basi hajui kuhesabu.

Nina picha moja ya soko hilo, nyeusi na nyeupe, imekunjika pembe. Nyuma yake kuna mwaka tu, 1976, kwa kalamu ya wino. Mama amechuchumaa mbele ya machungwa ya Muheza yaliyopangwa mafungu ya matano matano. Mimi nimeshika leso yake na nimekunja uso kwa jua. Kushoto kuna baiskeli iliyobebeshwa nazi hadi tairi la nyuma limebonyea, na kijana mmoja ameziba uso kwa kiganja, sijui alikuwa na deni na nani. Mpiga picha alikuwa mtu wa kuzunguka humo humo sokoni. Unalipa leo, picha unaichukua safari ijayo.

Jambo ambalo picha haikulikamata ni vile walivyopatana bei. Mwenye machungwa alikuwa mama wa Kidigo kutoka upande wa Mkinga. Mama alianza na salamu, "Mulamukadze?", zikafuata habari za nyumbani, nani kaolewa wapi, nani kafiwa, na ndipo bei ikaguswa. "Dada'angu, wewe si mgeni, chukua," yule mama alisema, akatupa na chungwa la nyongeza kikapuni. Mama akafungua pindo la leso. Pindo moja lilifunga shilingi za Kenya, lingine za Tanzania, maana tangu 1966 kila nchi ina shilingi yake.

Mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya picha ile, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka, ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Hiyo ndiyo miaka ambayo Tanga iligeuka ng'ambo. Upande wa Tanzania sabuni ilikuwa adimu, mafuta ya kupikia vilevile. Watu wale wale, kwa njia zile zile za mikokoni, wakaitwa watu wa magendo. Mama alipitisha sabuni za miche usiku chini ya mikeka. Kwake alikuwa anampelekea sabuni nduguye, akapewa nazi. Mimi pia siioni hatia. Sheria iliyowakuta watu sokoni ndiyo iliyopaswa kujieleza.

Mpaka ulipofunguliwa, desturi haikurudi ilivyokuwa. Wengi walishazoea kwenda Ukunda na Kongowea. Siku hizi kuna lami kutoka Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga, kuna Jumuiya mpya kwa mkataba wa 1999 na soko la pamoja tangu 2010, na machungwa ya Muheza yanakuja kwa malori hadi Kongowea. Yanakuja na risiti na mihuri, hakuna anayeuliza nani kafiwa.

Vitabu vya shule vinasimulia reli ya Uganda. Safari za kina mama wa Vanga kwenda Ngamiani havizitaji. Kama una mzee kwenu, Jego, Kiwegu au Vanga yenyewe, muulize sasa hivi alipita njia gani, alibeba nini na alifikia kwa nani. Ukipata picha, andika na majina nyuma yake, mwaka peke yake hautoshi.