Kuchonga, Kukereza, Kuchapa

Mwambie babu wa Newala kwamba siku hizi meno huchongwa kwa mashine, atakushangaa: ya nini mashine? Kwa wazee wa Uwanda wa Makonde, kuchonga meno ni kuyatia ncha yakiwa bado kinywani, kama walivyofanyiwa waliowatangulia. Mfasiri wa istilahi za “meno ya bandia ya kidijitali” aanze na mtego huo.

Wa pili umo kwenye “kidijitali”. Meno yenyewe ni akriliki tu, plastiki iliyoingia katika kazi hii tangu miaka ya 1930. Kilicho kipya ni njia ya kuyapata, kwa hiyo nasema “yaliyosanifiwa kwa kompyuta”. Ni refu, lakini halidanganyi. Nayo “seti kamili”, kwa kawaida meno 28, ni ya mtu asiyebakiwa na hata jino moja. “Meno ya kibogoyo” lingekuwa jina fupi na sahihi, ila nani atamwita mzee kibogoyo mbele ya wajukuu?

Daktari huchukua kipimo cha ufizi, mara nyingi kwa ule uji mzito wa kupimia unaogandia kinywani, maana ufizi mtupu wenye mate huisumbua skana. Kipimo ndicho kinachopigwa skani. Kisha fundi huyapanga meno kwenye kompyuta, akiangalia mdomo wa juu utakavyokaa. (Mdomo wa bibi aliyevaa ndonya, kile kipande kinachopachikwa kwenye mdomo wa juu, ungempa hesabu nyingine kabisa.)

Baada ya hapo mashine hushika bonge la akriliki na kuliondoa kidogo kidogo hadi libaki umbo. Mchonga mpingo angeielewa kazi hii mara moja. Japani walichonga seti nzima kwa mti karne nyingi zilizopita. Hata hivyo “kuchonga” ningewaachia wachonga mti na wazee wa Newala, hapa nikatumia “kukereza”, ingawa kwenye kerezo huzunguka mti, na huku kinazunguka kisu.

Mashine nyingine haiondoi, inaongeza: hugandisha majimaji kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka, kila moja sehemu ya kumi ya milimita au pungufu. Huko ni “kuchapa”. Watoto watacheka kusikia meno yamechapwa, lakini vitabu navyo huchapwa, na havilii.

Ramani ya seti hubaki kwenye kompyuta. Babu akisahau seti yake kwenye basi la Masasi, itachapwa nyingine bila kipimo kipya, mradi ufizi haujasinyaa. Na ufizi usio na meno husinyaa.