Mwanamke katika Historia ya Tiba ya Ulevi

Katika Manyamanyama, Bunda, kama penginepo pengi Tanzania, pombe ya kienyeji hupikwa zaidi na mwanamke, na mlevi atajwaye ni mwanamume. Sheria ya Pombe ya Moshi ya mwaka 1966 ilikataza kupika gongo bila leseni. Basi mpishi akajulikana kwa hakimu kabla hajajulikana kwa tabibu. Kwamba naye huionja kazi yake, hata ikamtawala, halikuulizwa sana.

Heroini ilipoenea mijini, desturi hiyo ikaingia katika tiba. Mwezi wa Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu ili kuzuia arosto, yaani maumivu ya kukosa heroini. Waliojiandikisha walikuwa karibu wote wanaume. Wanawake walikuwapo vijiweni, lakini nani angewashikia watoto kila asubuhi? Tena mwanamke atumiaye heroini huitwa malaya kabla hajaitwa mgonjwa, na mara nyingi aliyemwonjesha ni mpenzi wake, asiyependa apone.

Hata hivyo, wale wachache walioingia Muhimbili miaka ya mwanzo walidumu katika tiba kuliko wanaume. Kwa maoni yangu, hilo latosha kuwanyamazisha wasemao kwamba wanawake hawataki kutibiwa: kizuizi kilikuwa mlangoni.

Mwaka 2018 methadoni ilifika Mwanza. Kutoka Manyamanyama hadi huko ni yapata kilomita 150, na dawa hunywewa kila siku.