Wabudha wako na Mungu? Swali la njia ya Simi-Simi

Kwanza nieleze swali hili lilinipata wapi. Siku moja nilipanda toleka kutoka mjini kwenda Simi-Simi. Kijana aliyekuwa anakanyaga baiskeli alianza kunisemesha juu ya Wachina wa maduka, na mara akauliza: "Mwalimu, bale batu biko na Mungu? Banaomba nani?" Nikamjibu kwamba kati yao kuna Wabudha, kuna Wakristo, na wengi hawaombi mtu. Hakutosheka. "Basi Budha ndiye Mungu yao?" Tukafika karibu na kiwanja cha ndege, kile kile walichorukia maparakomando wa Ubelgiji tarehe 24 Novemba 1964, bila mimi kupata jibu la kueleweka. Akapokea franka zake, akageuza baiskeli. Mimi nikabaki na swali.

Nimelisomea tangu siku ile. Budha hakuwa Mungu, wala hakusema kwamba yeye ni Mungu. Alikuwa mtu, jina lake Siddhartha Gautama, mtoto wa wakubwa. Alizaliwa Lumbini, mahali ambapo leo ni Nepal, zaidi ya miaka 400 mbele ya Yesu. Kwa hiyo wale askari Wanepali wa MONUC tuliowasikia huko Ituri walitoka katika inchi yake ya kuzaliwa, hata kama wengi wao ni Wahindu.

Je, miungu haimo katika mafundisho yake? Imo, tena mingi. Vitabu vya kale vya Wabudha vimejaa viumbe wa mbinguni. Hata inasimuliwa kwamba Brahma, mkubwa wa miungu, ndiye alimsihi Budha afundishe watu. Lakini hiyo miungu nayo inazaliwa na kufa, na yenyewe inatafuta wokovu. Kuna habari moja inayonichekesha kila mara. Dunia inapoanza upya, kiumbe mmoja anatokea peke yake mbinguni. Anaona upweke, anatamani wenzake. Kiisha wengine nao wanatokea, kwa sababu zao wenyewe. Yeye anafikiri: "Kumbe ni mimi niliyewaumba!" Na wao, kwa kuwa walimkuta pale, wanamsadiki. Kwa habari hiyo Budha alikuwa anajibu wale waliofundisha Muumba mmoja.

Basi kama Mungu ni Yule aliyeumba mbingu na dunia, anayehukumu na kuokoa, Wabudha hawako naye. Mtu anavuna matendo yake, na hakuna hakimu wa juu. Lakini nenda Japani, utakuta mamilioni wanaoliita jina la Budha Amida ili awapokee katika inchi yake safi. Nenda Thailand, utaona mbele ya nyumba kijumba kidogo cha roho za mahali, wamewekea chakula na maji. Mkubwa wa kijiji chetu angekielewa kile kijumba bila mtu wa kumtafsiria.

Msomaji asifikiri kwamba mambo haya ni ya mbali tu. Dar es Salaam kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu wa Seilani, ile tunayoita leo Sri Lanka, karibu na mwaka 1920. Jirani zetu wa Uganda wako na Muganda mwenzao, Bhante Buddharakkhita, aliyekwenda kusoma India mwaka 1990, akawa mtawa wa Kibudha mwaka 2002, na mwaka 2005 akafungua kituo cha Wabudha karibu na Entebbe. Mama yake mzazi naye alifuata njia hiyo.

Lakini kilichonifungua macho hasa ni habari nyingine ya Uganda, isiyo ya Wabudha hata kidogo. Imeandikwa na Okot p'Bitek, mshairi na mwalimu wa Kiacholi. Mwaka 1911 mapadri Waitaliano waliwakusanya wazee wa Kiacholi wakawauliza: nani aliwaumba? Lugha yao haikuwa na neno la kuumba namna ile. Swali likageuzwa: nani aliwafinyanga, kama vile mtu anavyofinyanga chungu? Wazee wakasema binadamu anazaliwa na mama yake. Mapadri hawakukubali, jibu lazima lipatikane. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akipata kibiongo, watu husema kuna roho iliyomkunja mgongo, inaitwa Rubanga. Basi akawatajia jina hilo. Na hilo ndilo Wakatoliki wa kule walilolichukua kuwa jina la Mungu Muumba.

Mimi ni Mkristo, siandiki haya kwa kuchekelea mapadri. Nataka tuone vile swali linavyoweza kuzaa jibu lake. Ukimshika mzee ukamwambia "taja," atataja.

Hata Leta inaweza kushika watu namna hiyo. Indonesia iliandika mwaka 1945, katika misingi yake mitano, kwamba taifa linasimama kwanza juu ya imani ya Mungu mmoja. Baada ya mauaji ya 1965, mtu aliyesemwa kwamba hana Mungu alionekana mkomunisti, na mkomunisti alikuwa mtu wa kuuawa. Wabudha wa kule wakafanya nini? Mtawa mmoja mkubwa, Ashin Jinarakkhita, alitafuta katika maandiko ya zamani ya Java akatoa jina Sang Hyang Adi Buddha, akasema: huyu ndiye Mungu wetu. Wenzake wengine walikataa, wakasema Budha hakufundisha hivyo. Lakini jina lilikubaliwa na serikali, na dini ikapona. Nani atawahukumu? Sisi wenyewe tunakumbuka sheria ya tarehe 31 Desemba 1971, Leta ya Zaire ilipohesabu makanisa ya kukubaliwa kwa vidole vichache, na mengine mengi yakatafuta kujificha chini ya mwavuli wa yale yaliyotambuliwa.

Na huku kwetu? Hata neno Mungu, kwa wengi wetu wa mto, lilifika na Kiswahili cha Wangwana wa Tippu Tip. Kiisha wakaja Wabatisti wa Yakusu na Padri Grison, aliyeanzisha misioni ya Saint-Gabriel mwaka 1897. Walokele walikuwa na libeli, desturi ya kuwaingiza vijana katika utu uzima, na wamisionere waliipiga vita kama kazi ya giza. Kwanza iliandikwa kwamba mababu wa Kongo hawakumjua Mungu. Baadaye, hasa tangu kitabu cha Padri Tempels cha mwaka 1945, wasomi wakabadili wimbo: kumbe wote walimjua, tena mmoja, tena mkubwa! Tulifurahi sana kusikia vile. Mimi pia nilifurahi. Lakini waliotulaumu na waliotusifu walitupima kwa fimbo moja.

Budha mwenyewe aliulizwa kama dunia ina mwisho au haina, akanyamaza. Kiisha akatoa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, anayekataa usitolewe mpaka ajue kwanza aliyeupiga ni wa ukoo gani, ni mrefu ao mfupi. Atakufa kabla ya kujibiwa.

Siku hizi nikikaa na wazee wa Kilokele huku Simi-Simi, siwaulizi tena kama mababu walikuwa na Mungu. Nauliza walifanya nini mtoto alipozaliwa, walisema nini mtumbwi ulipozama na mtu, libeli ilianza na ilimalizika namna gani. Wiki iliyopita mzee mmoja alisema tangu saa tisa mpaka giza likaingia, na hatukufika hata kwenye mtumbwi.