Magazeti ya udaku: yanavyotuuzia habari, na yanavyotuchorea mastaa na vigogo

Wadau, kila mtu anasema yeye hasomi udaku. Lakini pita kwenye meza ya magazeti pale stendi ya Musoma au Bunda uone shingo za watu zimepinda upande gani. Nakala moja ikinunuliwa na kinyozi inasomwa na wateja wote wa siku hiyo, inahamia kwa bodaboda, mwisho inafungia maandazi, na bado kuna mtu atakula andazi huku anasoma kilichobaki. Kwa hiyo ni bora tujue haya magazeti yanafanyaje kazi.

UDAKU NI NINI HASA?

Mdaku ni mtu anayechungulia mambo ya wenzake kisha anayatangaza. Gazeti la udaku limeifanya kazi hiyo kuwa biashara. Watu wengine wanadhani udaku ni ukubwa wa karatasi. Hapana. Mwananchi na Nipashe nayo yana umbo hilo hilo dogo. Tofauti ipo kwenye swali ambalo gazeti linajiuliza kabla ya kuchapa. Gazeti la habari linauliza, "Hili lina maana gani kwa watu?" La udaku linauliza, "Hili litamfanya mtu asimame?"

YALITOKA WAPI?

Zamani waliotawala walikuwa Uhuru la chama na Daily News la serikali. Pembeni kulikuwa na burudani, mfano jarida la Sani na katuni zake za Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Madenge. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na biashara kufunguliwa, magazeti ya watu binafsi yakamwagika mitaani. Waliojulikana zaidi kwenye udaku ni Global Publishers ya Eric Shigongo, wenye Uwazi, Ijumaa, Risasi na Amani. Shigongo mwenyewe alikuwa anaandika hadithi za kusisimua zinazokatwa pale pale patamu, ili wiki ijayo ununue tena. Mwaka 2020 akachaguliwa kuwa mbunge wa Buchosa, mkoa wa jirani zetu wa Mwanza. Yaani aliyekuwa anachapa habari za waheshimiwa akawa mheshimiwa.

KICHWA CHA HABARI KINAKUKAMATAJE?

Angalia vitenzi. "Anaswa." "Afumaniwa." "Aumbuka." Vyote vinasema mtu katendwa, lakini nani kamtenda huambiwi. Aliyemnasa nani? Mara nyingi ni mwandishi mwenyewe na kamera yake. Kuna mbinu nyingine nne za kuzijua:

1. Jina kapuni. "Kigogo mmoja", "staa mkubwa wa Bongo Muvi". Unanunua ili ujue ni nani, unafika ukurasa wa tano bado hujui. Gazeti limekwepa kesi na hela yako imekwenda.

2. "Inadaiwa." Neno dogo hilo, lakini limebeba mzigo wote. Anayedai hatajwi, au anaitwa "mnyetishaji wetu".

3. Alama ya kuuliza. "Fulani ana mimba?" Gazeti halijasema anayo, limeuliza tu. Ila wewe unaondoka unajua anayo.

4. Picha. Mtu kafumba macho sekunde moja, kapigwa picha, kesho "kalewa".

Lugha nayo ni mtego. Wanaandika kama tunavyoongea kijiweni: kimenuka, bifu, laivu, siri nje. Gazeti la heshima likiandika "mkanganyiko wa kisera" msomaji anahisi anafundishwa. Udaku unamwita kama jirani. Hapo tuwape haki yao, wamewasomesha watu wengi ambao wasingegusa gazeti.

MASTAA

Ukitaka kuona madhara, kumbuka Steven Kanumba. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012. Aliyekuwa naye chumbani ni mwigizaji Elizabeth Michael, yaani Lulu, msichana mdogo kiasi kwamba hata umri wake ulibishaniwa mahakamani. Alishtakiwa kwa mauaji, baadaye ikawa kuua bila kukusudia, na hukumu ikatoka Novemba 2017: miaka miwili jela. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka mitano. Sisi mitaani tulihukumu wiki ile ile, wengine walishamfunga, wengine walishamwachia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesikia shahidi.

Udaku una ngazi moja tu kwa staa: anapanda, anang'aa, anaanguka, analia, anaokoka. Anayepanda anauza gazeti, na anayeanguka anauza pia. Tena mastaa wenyewe wakati mwingine wanapeleka stori zao ili filamu au wimbo utoke na kelele. Kwa hiyo si kila anayelia ukurasa wa mbele ameonewa. Ila msichana asiyetaka kuwa pale hana pa kukimbilia.

VIGOGO NA SIASA

Sasa ngazi ile ile ya staa anapandishwa mwanasiasa. Chukua mfano wa nyumbani. Mwaka 2015 Bunda Mjini waligombea Stephen Wasira, mzee aliyeingia bungeni mara ya kwanza mwaka 1970 na anayejulikana kwa jina la Tyson, na Ester Bulaya, aliyetoka CCM kwenda Chadema. Bulaya akashinda. Mzee dhidi ya binti, Tyson kapigwa, hiyo ni ndondi tayari, haihitaji hata kuandikwa. Lakini swali la mama wa Bunda lilikuwa maji, mji uko jirani na ziwa halafu ndoo ni shida. Maji hayana sura ya kuweka ukurasa wa mbele.

Au chukua sakata la Escrow, 2014. Zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitoka kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Profesa Sospeter Muhongo, mtu wetu wa Musoma, alijiuzulu uwaziri wa Nishati na Madini Januari 2015, na mwaka huo huo akashinda ubunge wa Musoma Vijijini. Sasa uliza kijiweni watu wanakumbuka nini. Watakwambia "tumbili", maana Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alimwita hivyo mbunge David Kafulila. Watakwambia "hela ya mboga", maana Profesa Anna Tibaijuka alisema milioni 10 katika alizopokea zilikwenda kwenye mboga. Mboga tumeielewa wote. Akaunti ilifanyaje kazi, bei ya umeme iliguswa vipi, wachache wanajua.

Hata hivyo tusiseme ile mboga haina kazi. Mtu ambaye mboga yake ni dagaa wa shilingi mia tano alipima pengo lililopo kati yake na mkubwa. Ila hasira ikiishia kwenye kicheko, aliyechukua hela anacheka na sisi.

SERIKALI JE?

Kwa miaka 40 Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri nguvu ya kufungia gazeti. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Huduma za Habari, na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema baadhi ya vifungu vyake vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. MwanaHALISI, ambalo halikuwa la udaku bali la kuchimba siasa na kutaja majina, lilifungiwa 2008, likafungiwa tena 2012 na 2017. Ndiyo maana mhariri mwoga anaona "jina kapuni" ni salama. Ukimtaja mkubwa kwa jina unaweza kufungiwa, ukimsema msanii wa kike watu wanacheka tu.

USOMEJE?

Kabla hujaamini, jiulize: Nani kasema, ana jina? Mtuhumiwa kapewa nafasi ya kujibu? Picha ni ya lini? Habari ya ndani inafanana na kichwa? Na kama ni mwanasiasa, nikitoa mapenzi na mganga, imebaki nini kuhusu kazi tuliyomtuma?

Maswali haya yanafaa hata kwa simu. Siku hizi udaku umehamia YouTube na WhatsApp, lakini vitenzi ni vile vile, anaswa, aumbuka. Tofauti ni kwamba zamani uliyeazima gazeti kwa kinyozi ulisoma tu. Sasa ukibonyeza kutuma, mnyetishaji ni wewe.

Nyie wa Bukima, Mugango na Murangi, ongezeeni nilichosahau.